Jumatano ya Kumwogesha Bibi

Mwaka ule sabuni za kila rangi zilipoanza kujaa maduka ya Sumbawanga, nilipanda Landrova ya Lukmani. Mbele yangu walikaa Otilia, mama wa Kikatoliki mwenye mche wa sabuni mapajani, na Nestory, kijana aliyeokoka juzijuzi. Nestory alimwamkia, kisha akamwuliza sabuni anaipeleka wapi.

"Kate. Kuna bibi mgonjwa hana mtu. Kila Jumatano namwogesha."

"Vizuri, mama, lakini matendo hayatakufikisha mbinguni."

"Nani kakwambia naenda mbinguni? Nauli yangu inaishia Kate."

Tulicheka. Lukmani alikaza macho barabarani; ugomvi wa Wakristo haukumhusu.

Nestory hakukata tamaa. "Wokovu ni neema, mama. Mungu anatoa bure."

"Hata mimi simtozi bibi."

"Sasa unamwogesha ili upate nini?"

Otilia alifikiri. "Ananuka, mwanangu. Na nikimaliza analala vizuri."

Tulipofika Kate, Nestory aliruka chini wa kwanza, akamshika mama mkono kumteremsha.

"Taratibu, baba," Otilia alimwambia, "usije ukaandikiwa tendo jema."