Mama Subiri na Picha Kumi na Mbili za Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mwenye kuosha vyombo aviache kidogo, mwenye kelele azipunguze, mnipe masikio. Leo tunamkumbuka mpiga picha mmoja. Mtaani walimwita Mama Subiri. Alifariki wiki sita zilizopita, akiwa na miaka sitini na tisa. Ameacha mume, fundi saa, na mdogo wake mmoja wa kike.

Kwa nini Subiri? Kwa sababu neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Unakaa kwenye kigoda, umevuta tabasamu, umebana tumbo. Yeye anainama juu ya kamera: "Subiri." Unasubiri mpaka tabasamu linachoka na tumbo linarudi mahali pake. Hapo ndipo anabonyeza. "Sasa umekuja wewe," anasema. "Yule wa mwanzo sikumjua."

Kamera yake ilikuwa ya kizamani, boksi jeusi lenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Haikuwekwa jichoni. Ilining'inia kifuani, naye aliichungulia kwa juu, kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Filamu yake ilikuwa pana, na ilitoa picha kumi na mbili. Kumi na mbili, wasikilizaji, basi. Pupa angeitoa wapi?

Kamera hiyohiyo ndiyo iliyomletea mume. Ilikwama siku moja, akaipeleka kwa fundi saa. Fundi akaigeuza, akaigeuza tena. "Dada, mimi natengeneza saa." Akajibiwa, "Ifungue. Humo ndani kuna saa ndogo." Fundi akaifungua. Kweli, akakuta vigurudumu na springi nyembamba kama unywele. "Niliitengeneza kwa siku mbili," ananiambia fundi, "lakini nilimwambia arudi baada ya wiki. Nilitaka aje aniulizie." Walikaa pamoja miaka arobaini na moja. Watoto hawakujaliwa.

Kwa miaka yote hiyo, mzee huyu hakuwahi kusafisha filamu hata moja, yaani kuitia dawa mpaka picha zitokee. Kamera ilipougua, aliitibu yeye. Chumba cha giza kilikuwa cha mkewe.

Sasa tuje kwa huyo mdogo wake. Aliondoka nyumbani akiwa msichana, akaolewa mbali, na kwa miaka ishirini na sita dada hawa wawili hawakuonana. Hawakugombana. Mara nauli, mara ugonjwa, mara kazi, na miaka ikapita. Mwaka huu akaja, kwa siku mbili tu.

"Nilitoa simu nipige picha yetu," anasema mdogo wake. "Akanikazia macho. Akaniambia, 'Weka hiyo. Hapa kuna mpiga picha.' Nikaiweka. Nani angebishana naye?"

Mama Subiri akaweka filamu mpya. Akampiga mdogo wake dirishani, mlangoni, akimenya viazi, akicheka na shemeji yake. Nyingine alimpa fundi abonyeze, ili dada wawili wakae pamoja. Picha kumi na mbili. Asubuhi ya tatu mgeni akaondoka. "Nitakutumia," Mama Subiri akamwambia. "Subiri."

Siku nne baadaye akaanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka yote. Akili ilibaki nzima. Fundi anasisitiza hapo, nami narudia kama alivyosema: akili ilibaki nzima.

Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichonyooshea mkono wa kushoto ni ile filamu. Ilikuwa rafuni, imeviringishwa na karatasi yake, haijasafishwa. Kesho yake akainyooshea tena. Na kesho kutwa.

Fundi alizunguka mji mzima. Duka la mwisho lililokuwa likisafisha filamu siku hizi linauza vifuniko vya simu. Muuzaji aliitazama ile filamu akauliza, "Mzee, hii ni betri?"

Akarudi nyumbani. "Mke wangu," akasema, "tutafanya sisi. Utanielekeza. Gonga meza mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana."

Alasiri moja akamwingiza kwenye chumba cha giza na kumkalisha kwenye kiti cha mikono. Kwanza, taa ikiwa inawaka, akapanga chupa mbili mezani. Dawa ya kwanza, inayoiamsha picha, akaiweka kushoto. Dawa ya pili, inayoikaza isifutike, akaiweka kulia. "Ni hivi?" Mkewe akagonga mara moja. Akazima taa.

Giza la chumba kile, wasikilizaji, ni giza kwelikweli. Filamu inavuliwa karatasi yake humo, inaingizwa kwenye kigurudumu chenye mfereji, kisha ndani ya kopo lenye mfuniko. Yote kwa kupapasa. Wengi hushindwa hapo. Fundi saa hakushindwa. Vidole vyake vimezoea vitu vidogo. Filamu iliingia, kopo likafungwa.

Mara akasikia kiti kinalia. Mkewe alikuwa anaporomoka upande. Akaizunguka meza kwa kupapasa, akamwinua, akamwekea mto mgongoni. "Uko sawa?" Akagonga mara moja.

Basi, akabaki upande huohuo, karibu naye, asije akaanguka tena. Akavuta kopo kwake. Akanyoosha mkono kushoto, akachukua chupa.

Lakini alikuwa ameizunguka meza. Kushoto ilikuwa imekuwa kulia.

Alipomimina tu, harufu kali kama ya siki ikapanda. Mama Subiri aliijua harufu hiyo. Ilikuwa dawa ya pili, na hiyo ikitangulia, picha hufutika kabla haijaamka. Akagonga mara mbili.

"Nimekosea? Mfuniko haujakaa?"

Mara mbili.

"Nitikise?"

Mara mbili, kwa nguvu.

"Niwashe taa?"

Mara moja. Kopo likishafungwa, taa haina madhara. Yeye alijua. Fundi hakujua. "Hapana, mke wangu," akamwambia, "mwanga utaiua." Naye akaendelea kugonga, mbili, mbili, mbili. Kisha akaacha.

"Alipoacha kugonga," fundi ananiambia, "nilidhani mambo yamekaa sawa."

Filamu ilitoka nyeupe, angavu kama kioo cha dirisha. Hapakuwa na kitu. Fundi aliitazama kwenye taa, akaigeuza, akaitazama tena. Mkewe akanyoosha mkono wa kushoto akaomba mkasi. Fundi akamshikia ile filamu, naye akaikata vipande vinne, kama alivyokata filamu zote maishani mwake, akaviingiza kwenye bahasha kimoja kimoja. Akamsogezea mumewe kalamu. Fundi akaandika tarehe, na chini yake: *Mdogo wangu*.

Wiki tatu baadaye, kiharusi cha pili. Hakuamka.

Mdogo wake alikuja mazikoni. Watu walipopungua, akauliza, "Shemeji, zile picha zangu?" Fundi akampa bahasha. Shemeji yake akatoa kipande cha kwanza, akakielekeza dirishani. Akatoa cha pili.

"Shemeji, mbona hakuna kitu?"

"Nilikosea chupa."

Akakaa chini. "Alinipiga ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mimi nakumbuka saba tu," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole. Fundi akamsaidia moja. Ikawa nane. Wakakwama hapo wote wawili.

Nilimuuliza fundi kama niiruke sehemu hii. Akasema, "Iseme. Mimi kila mtu akiniuliza nashindwa."

Basi nimeisema. Kwako fundi, kwako shemeji yake, na kwa nyote mliokaa kwenye kigoda chake mkisubiri, kituo hiki kinawapa pole ya dhati. Marehemu apumzike. Nanyi wasikilizaji wapendwa, majumbani mwetu wamo wagonjwa wanaojua kila kitu na hawana pa kukisemea. Ukiwa na mmoja wao chumba kimoja, usiharakishe kazi. Washa taa. Mtazame mkono wake. Akiacha kukuita, usidhani ameridhika.