Kelele Zilizotoka Nyumba ya Harusi

Salamu kwenu nyote, mama zangu na dada zangu, Waislamu kwa Wakristo. Nimeambiwa niseme polepole. Sitaweza. Mnaonijua mwajua mdomo huu ukishawaka hauna breki, kwa hivyo nikipayuka, mama mwenyekiti anivute buibui nikae chini. Majina sitaji. Na wewe unayemjua huyo nitakayemsema, jua kimya kimya.

Mimi nafanya muziki wa kelele. Haya, chekeni mmalize. Hamna taarabu humo, hamna ngoma, hamna mtu anaimba. Nachukua mlio wa kitu, nautia kwenye kompyuta, nauvuta, naupasua, nauweka juu ya mwengine mpaka nywele zikusimame. Hakuna aliyenifunza. Nilijifunza peke yangu kwenye kompyuta iliyokufa herufi tatu. Nimesimama nje ya geti la bandari ya Kilindini kurekodi makontena yakitua, askari akaniuliza, "Binti, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Sijapoteza, nasikiliza." Akaniangalia kama mgonjwa. Nimerekodi cherehani za mafundi wanaopinda leso Biashara Street, na hao niliwaomba ruhusa mmoja mmoja.

Nilikuwa na shoga yangu. Tumekua mlango kwa mlango hapa Mji wa Kale. Wenzangu, nawaambia, mtu akimgusa yule, mimi ndiye nilikuwa nawaka. Niliwahi kutupiana maneno na mtu mzima sokoni kwa ajili yake, na kosa lilikuwa la nani? Lake! Na watu walipoziita kazi zangu wazimu, yeye alisema, "Endelea, mimi nitakubebea waya." Akabeba kweli, miaka miwili. Nikasema albamu niliyokuwa naitengeneza ni yetu sote.

Sasa, mamangu hupika kwenye maharusi. Mama mmoja wa Bondeni alikuwa anamuoza bintiye, akamwita mamangu apike, akamwambia, "Niletee na binti yako anikusanyie simu." Kupamba bibi harusi mwakujua, ni wanawake watupu. Wanawake wanavua mabuibui, wanajipamba, wanacheza watakavyo, kwa hivyo simu haiingii ndani. Nikakaa chini ya ngazi na kikapu. Nilipekua mikoba yote. Bibi kizee nilimpekua! Akaniambia, "Mwanangu, simu hii ya tochi itampiga picha nani?" Nikamwambia, "Bibi, weka tu kikapuni." Akaja shoga yangu. Akauinua mkoba wake juu, anacheka. Nikamwambia, "Pita wewe, nikupekue kwani sikujui?"

Akapita.

Baada ya wiki kadhaa akaniletea sauti. Vigelegele, miguu ikikanyaga sakafu, wanawake wakicheka. Nikamuuliza, "Umezitoa wapi?" Akasema, "Kwa shangazi yangu, Likoni. Wameniruhusu wote." Mimi siku ile nilikuwa chini mlangoni, ya juu sikuyasikia, na huyo mama wa Bondeni nilimjua kwa salamu tu. Nikaamini. Nikazipasua zile sauti, nikazichanganya na makontena, zikatoka dakika saba ambazo mpaka leo sijafanya nzuri kama zile. Katikati nikaacha sentensi moja bila kuigusa, kwa sababu ilinichekesha. Mama mmoja yuwasema, "Fungeni madirisha, wanaume wasisikie!"

Albamu tukaiweka mtandaoni, tukaalika watu waje kuisikiliza alasiri moja, ukumbi mdogo, wanawake kwa wanaume. Kipande cha kwanza tu mtu akauliza, "Hiyo spika imeungua?" Mwengine akasema, "Zimeni genereta basi tusikie muziki." Walicheka, wengine wakatoka. Sikujali. Maana kuna mzee mmoja, kuli wa bandarini, aliposikia makontena alifumba macho akasema, "Hii ndiyo iliyo kichwani mwangu kila nikienda kulala." Hapo mimi nilishalipwa.

Kikafika kipande cha vigelegele. Ikaja ile sentensi. Wanaume wakaangua kicheko. Na dada mmoja nyuma akasimama, mikono kichwani. "Ni mamangu huyo! Ni kwenye kupamba kwangu!"

 Mimi nikamgeukia shoga yangu. Nilijua atasema. Yule? Atasema tu. Akasema, "Mimi nilibeba spika. Sauti zote ni zake. Na simu siku ile zilikuwa kwake."

Hakubabaika hata kidogo.  Na mimi, kwa mdomo huu mnaousikia, ningeweza kumtobolea siri yake palepale. Nilimngoja. Nikasema moyoni ameogopa, tukifika nyumbani atalia, kesho atakwenda kusema kweli. Siku hiyohiyo niliiondoa albamu mtandaoni. Kesho yake nikamkuta yeye mtandaoni, ameandika kwamba alidanganywa na mtu aliyemuamini. Wenzangu! Aliyemuamini!

Mtaa ukanifungia milango. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Hayo ningeyabeba. Lakini mamangu alikoma kualikwa, hata kama mgeni. Harusi tatu zimepita mtaani kwetu, vigelegele twavisikia dirishani, mamangu amekaa anachambua mchele wa watu wawili. Hakunilaumu. Afadhali angenipiga.

Siku moja nikasema basi. Nikavaa buibui, nikalikaza. Mamangu akasimama mlangoni.

"Wenda wapi?"

"Kumtia adabu."

"Na yule mama uliyemvunjia heshima, ushamwendea?"

"Mimi sikumrekodi, mama!"

"Nimekuuliza ushamwendea?"

Nilikuwa sijakwenda. Miezi miwili mizima nilikuwa namfikiria aliyenisaliti. Yule ambaye sauti yake ilichekwa na wanaume, sijamfikiria hata siku moja. Nawaambieni, niliketi kizingitini na buibui langu nikalia.

Nikaenda Bondeni na kompyuta. Yule mama akafungua, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Umeleta kelele zako?" Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Kwanza nisikie." Tukakaa jikoni, akasikiliza dakika zote saba. Mwisho akasema, "Hii kazi mbaya kama jiko la stima linaloripuka. Lakini kigelegele ni changu, huwezi kukificha." Nikamueleza yote, bila kumtaja aliyeingia na simu. Akacheka kwa kejeli. "Kwani mimi mtoto? Nilimuona akienda chooni mara nne. Mkoba wa nani hupelekwa chooni mara nne? Niambie lako wewe. Wote uliwapekua. Mbona yeye hukumpekua?"

"Kwa sababu ni rafiki yangu, mama."

"Mimi nilikupa wewe mlango, sikumpa rafiki yako. Haya, futa. Mbele yangu."

Nikafuta. Kila nakala. Kidole kilikuwa kizito, msinione mnafiki, ile ilikuwa kazi yangu bora. Alipoona sina tena, akainuka, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. "Wataka kelele? Rekodi hii. Nimekuruhusu." Akakuna nazi mbili nzima, kwa hasira, huku akinisema. Niliirekodi kwa machozi.

Jumapili akawaambia wenzake kweli yote. Wiki iliyofuata mwaliko wa mamangu ukaja, umeletwa kwa mkono. Albamu nimeitoa upya, na mbuzi ya nazi ndani. Wanaoisikiliza hawaujazi ukumbi huu.

Nawashukuru. Yule mama, kwa kunifungulia mlango wake. Mamangu, kwa kunizibia wangu. Na nyinyi, mlionikaribisha kwenye kikundi hiki wakati wengine wanavuka barabara wasikutane nami.

Funzo langu ni hili: ukipewa amana ya watu, usimlegezee mtu kwa kuwa wampenda. Umpendaye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Yeye hajaomba radhi, si kwangu, si kwa yule mama. Aliniandikia neno moja, "Nimekukumbuka." Sijamjibu. Kusamehe bado, msinilazimishe, niombeeni tu. Lakini juzi dukani dada mmoja alianza kumtukana mbele yangu, akidhani anifurahisha. Nikamwambia, "Ishia hapo hapo, huyo si wako wa kumtukana." Akaniona mwendawazimu. Na mimi nikarudi nyumbani na mkate wangu, nina hasira naye vilevile.