Redio Iliyozungumza Mtu Akipita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu, tumkumbuke Ephraim Keraryo. Alikuwa fundi wa redio za taa, pale Nyasho, Musoma. Ni zile redio za zamani zenye taa ndogo za kioo ndani. Fundi Ephraim amefariki mwezi huu. Alifia kazini, kwenye kibanda chake cha mbao nyuma ya nyumba.

Alizaliwa Bugwema, kwa wafugaji. Kaka yake, Lameck, anasema, "Alikuwaga anapoteza ndama akisikiliza redio ya jirani." Basi akaja mjini, akajifunza ufundi. Redio hizo soketi zake, yaani vishikio vya taa, hulegea, taa ikacheza, sauti ikakatika. Yeye alichomoa waya, akangoja umeme uliobaki ndani uishe, kisha kwa sindano akavibana vibati vya soketi mpaka vishike taa.

Matanga yakiendelea, mkewe, Pelagia, aliingia kibandani kuchukua mkeka. Mbao za sakafu zikalia. Mezani, redio ya mteja ikatoa neno moja, ikanyamaza. Sauti ya mwanamume.

"Ephraim?"

Akapiga hatua. Ikasema tena.

Tangu hapo Pelagia hakutoka kibandani. Chakula alikataa. Alitembea mbele ya meza, taratibu, huku na huku, nayo ikimjibu vipande vipande. Waombolezaji uani wakaisikia, wakaacha kuimba.

"Shemeji," Lameck akasema mlangoni, "kitu hiki kikatupwe ziwani."

"Kajitupe wewe."

Binti yao, Dorah, alifika kutoka Bunda. Baba alikuwa amemfundisha kazi. Akainama, akaitazama redio.

"Mama, baba aliiacha imewashwa. Soketi imelegea. Ukikanyaga, taa inagusa."

"Najua. Mimi ni mke wa fundi." Pelagia akaketi. "Usiiguse."

"Ni ya nani?"

"Ya Mzee Alfonce wa Butiama. Yuko uani, amekuja kuzika."

"Ameiulizia?"

"Hajaiulizia. Anaona haya."

Pelagia akaiokota sindano ya mumewe mezani. "Baba yako hakurudishaga redio ya mtu ikiwa imelegea," akasema. Akamkabidhi binti yake sindano.

Dorah akachomoa waya. Waya ukiwa mkononi mwake, redio ikavuta sauti nzito, kama mtu anayetaka kuanza kusema, ikafifia. Dorah anatuambia ni umeme uliobaki. Alitujibu akitazama pembeni.

Wakangoja. Akabana vibati, akarudisha taa, akawasha. Mwanamume alikuwa akisoma habari. Pelagia akapita mbele ya meza. Akarudi. Sauti haikukatika.

"Siyo yeye," akasema.

Akaomba uji.

Wasikilizaji wapendwa, redio hiyo sasa iko Butiama. Inasikika vizuri. Mama Pelagia, Dorah, mzee Lameck, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tujiulize jioni hii: kipo kitu alichokiacha marehemu tunachokizunguka, tukingoja kiseme? Tukae nacho kidogo, si vibaya. Kisha tukirudishe kwa mwenye mali, kikiwa kizima.