Ukuta Nyuma ya Farasi

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi inaishia shingoni. Wewe binti mkubwa, nishike mgongo nisiteleze kwenye mito. Na wewe mdogo wake, acha kuegemea ukuta kama mpangaji anayesubiri risiti, vuta kiti ukae mbele yangu, kwa sababu mengi nitakayosema leo ni yako. Daktari amewaambia nini huko nje sijauliza, na msiniambie. Mwenye mwili ndiye anayejua. Nina maneno ya kugawa mali, na hayo ni mafupi. Ninalo na neno jingine nililolimeza miaka ishirini na sita, na hilo msinikatize nikilianza, maana sidhani kama nitapata pumzi ya kulirudia.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiipige kamba katikati. Cherehani yangu ya turubai, ile nzito ya chuma, ni ya binti mkubwa. Najua hata kutunga uzi hutaki, lakini ndiyo iliyokulisha kabla hujaota meno. Na ukumbi wa michezo, ule wa zamani unaotupa jina mjini, nusu yake si yenu. Tulieni. Nimesema msinikatize.

Baba yenu alikuwa fundi redio, mimi nikishona viti vya magari. Siku moja akaletewa mashine ya mchezo iliyokufa, ile ya kushika usukani mbele ya kioo, akaifufua, na kabla mwenyewe hajaja kuichukua, watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga foleni nje ya karakana yetu. Tukatazamana. Mwaka mzima tulipanga. Tulikodi ghala la zamani la magunia, baba yenu akachora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda, kisha akaihamishia sakafuni kwa chaki: hapa magari ya kugongana, pale mashine za vioo, kona ile wadogo na mipira yao. Mimi nikashona jumba la kuruka kwa turubai nyekundu na njano, nikivunja sindano na kung'ata midomo, na majirani wakipita wananicheka: mshona viti huyo, sasa anataka kushona raha!

Kicheko kile kiliniingia. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu msiba wetu ulianzia pale na si kwingine. Nilitaka siku ya ufunguzi watu wapigwe na butwaa. Nikaagiza bembea ya kuzunguka yenye farasi wanane wa mbao, nao walipofika, hawakuenea. Mahali pekee palipowatosha ni mbele ya mlango wa nyuma.

Baba yenu alikuwa safarini kufuata mashine za mwisho. Alikuwa amesema mlango ule usiguswe. Fundi umeme naye, tuliyemwita Shoti kwa utani, alisimama kwenye mlango ule mkono kiunoni akaniambia, "Mama, ukiufunga huu, umebaki na mdomo bila pua." Nikamjibu aendelee na nyaya zake.

Aliyenijengea ukuta ni shemeji yangu, mdogo wa baba yenu, fundi mwashi. Baba yenu mdogo mnayemjua kwa picha moja tu. Mcheshi yule! Alikuwa akichanganya saruji anaisemesha kama bibi harusi. Lakini siku ile hakucheka. Aliniambia, "Shemeji, kaka alisema mlango ubaki." Nikamwambia, "Kaka yako atarudi atakuta ukuta mzuri. Jenga." Akaokota mwiko, akasema, "Wewe ndiye mwenye nyumba." Akajenga. Jioni tayari alikuwa amepiga lipu.

Baba yenu aliporudi, zimebaki siku mbili tufungue, alisimama mbele ya farasi wale. Kisha akaniuliza, nani kaziba hapa? Wanangu, ulimi hauna mfupa. Nikamwambia, mdogo wako kasema panaingiza vumbi. Uongo mdogo tu, wa kupisha hasira ya mchana mmoja. Alimwita mdogo wake nje, wakazozana. Na yule bwana, sijui kwa heshima gani, hakunitaja. Alinitazama tu juu ya bega la kaka yake.

Jumamosi tukafungua. Saa tisa alasiri ghala halikuwa na pa kutia mguu. Mimi nilikuwa ndani, na ninyi wawili mlikuwa ndani, wewe binti una miaka sita, mdogo wako minne. Nilikuwa nacheka, wallahi nilikuwa nacheka, niliposikia harufu ya waya chini ya magari ya kugongana. Kabla sijapata wa kumwita, moto umeshashika magodoro ya sponji, na moshi wa sponji, wanangu, si moshi, ni ukuta mwingine. Watu wakakimbilia mlango wa mbele. Mlango ule ulifungukia ndani. Waliofika wa kwanza wakasukumwa na wa nyuma, na mlango ukakataa. Mkono wako ukaniponyoka, wewe mdogo. Nilikushika, kisha nimeshika hewa.

Ndipo tukasikia nyundo. Ilitoka upande wa farasi. Shemeji alikuwa nje, akachukua nyundo kubwa akazunguka nyuma, akaupiga ukuta aliousimamisha kwa mikono yake, akijua wapi aliweka tofali nusu na wapi saruji haijakomaa. Tundu likatokea, likapanuka, akaingia nusu mwili akivuta watoto mmoja mmoja kwa kwapa. Wewe uliyekaa mbele yangu ulipitia mikononi mwake. Kisha boriti ya juu ya mlango, iliyokuwa imebaki haina cha kuishikilia, ikashuka na kila kilichokuwa juu yake. Watu hawakuona kwa moshi. Waliendelea kutoka wakikanyaga kifusi, na chini ya kifusi alikuwa yeye. Mimi pia nilikanyaga.

Hakufa mtoto hata mmoja. Alikufa yeye peke yake.

Wakaja wakubwa na makaratasi yao, wakauliza nani aliziba mlango. Baba yenu akanigeukia. Ningeweza kusema. Dakika ile, wanangu, ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kusema kweli mara mia. Nikasema, ni marehemu, kwa akili yake mwenyewe. Wakaandika. Na baba yenu akaamini, akakataa kusema hata neno moja kwenye maziko ya ndugu yake wa tumbo moja, akaishi na chuki ile mpaka akaingia nayo kaburini. Mjane wa marehemu alisimama mbele ya watu akasema, "Mume wangu hakujenga ukuta hata mmoja asioambiwa." Alinitazama mimi. Tangu siku ile hajakanyaga kwetu, nanyi mkakua mkisikia kwamba mama yenu mdogo ana kijicho, anatuonea gere kwa sababu tuliinuka tena tukatajirika. Nani aliwaambia hivyo? Mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kimenifika, na kinaniumbua.

Nipe maji. Kidogo. Hayo yanatosha.

Nusu ya ukumbi ni ya mama yenu mdogo na binti yake, yatima wa marehemu. Si sadaka, msije mkaitoa kama watu wanaotoa sadaka.

Sasa wewe. Jumapili uliniwekea ramani mapajani, ya jengo lako jipya la ghorofa, lenye michezo juu na chini, na matangazo yamebandikwa mji mzima kwamba linafunguliwa Jumamosi. Nikakusifu. Kisha nikaona kalamu nyekundu imekata mlango wa nyuma, na juu yake umeandika chumba cha keki na sherehe. Nikakuuliza, ukacheka, ukasema, "Mama, mlango ule unaingiza watoto wa bure." Tangu hapo sijalala usingizi wa maana. Si homa, mwanangu. Nikifumba macho nasikia mwiko unakwangua tofali.

Usiniambie kuna mitungi ya kuzimia moto. Usiniambie nyaya ni mpya. Za kwetu nazo zilikuwa mpya. Mpigie fundi wako. Sasa hivi, hapa, nami nisikie.

Inaita... Amepokea. Mwulize mlango wa nyuma... Anasema wamemaliza. Anasema wanapiga rangi, pamependeza, tajiri uje uone. Usiikate simu. Mwanangu, nitazame. Mwambie abomoe. Watu watacheka, waache wacheke. Jumamosi ipite, na nyingine ipite. Haraka haraka haina baraka, na mimi leo nimeishika baraka yangu mkononi siitoi mpaka nisikie neno.

Sema tena, masikio yangu yamejaa upepo... Bomoa. Ndiyo. Ukuta wote? Mwambie wote, na mlango ufungukie nje.

Haya. Nipeni vichwa vyenu. Mkono wangu mwinueni ninyi, mimi siuwezi. Mungu awape kazi isiyoliza mtu. Awape ulimi mzito kwa uongo. Mkigombana, mgombane mchana na mpatane siku hiyo hiyo.

Mkitoka hapa, msinikalie. Nendeni kwa mama yenu mdogo, wote wawili, msitume mtu wala simu. Mwambieni nilivyowaambia, neno kwa neno, msinipunguzie. Mwambieni... kwamba aliyesema jenga ni mimi. Akiwatukana, mnyamaze. Akiwafukuza, kesho mrudi. Mkamwombe aje, kama nitakuwa bado nipo.

Na asipokuja... msimlaumu. Mimi nisingekuja.

Binti, nilaze. Taratibu. Nendeni... nendeni sasa.