Yaya Ambroise na manjanja ya Fataki

Baba padri, wandugu wa Mahagi na wa Butembo, majirani wa mutaa wa Lumumba, walimu na wanafunzi, mimi ni Vital, mudogo wake marehemu, jamaa imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda hotuba, nitajaribu kutowachokesha.

Yaya Ambroise Uyirwoth, kaka yangu, alizaliwa Mahagi tarehe 9 mwezi wa tano 1961, mutoto wa pili wa baba Léon na mama Adèle, wakulima, akasoma école primaire kulekule kwa wapadri, ambako alichapwa mara nyingi kwa sababu ya kuchora juu ya meza, na fimbo hazikumusaidia hata kidogo. Alipata diplôme d'État ya kumaliza sekondari hapa Bunia mwaka wa 1981, akaenda Kinshasa kujifunza kuchora na kuchonga, akarudi mwaka wa 1986 na picha ambazo hazikuwa na mutu wala muti, rangi tupu, na baba yetu alipoziangalia aliuliza kama masomo yamekwisha kweli, ao iko ingine inabakia.

Aliandika majina ya maduka kule Mongbwalu, kisha tangu 1989 akafundisha dessin, ndiyo kuchora, katika sekondari moja ya hapa mpaka alipostaafu. Tarehe 4 mwezi wa nane 1990 alifunga ndoa na Annette Kavira, muchuuzi wa vitenge, Mungu akawapa Huguette, Prudent na Davy. Kila aliyeingia uani kwake aliuliza, hii iko nini, naye alijibu kila mutu vilevile, angalia tu, na mimi niliangalia miaka yote hiyo, kusema ukweli sikuona kitu.

Mwaka wa 2018, watu walipokimbia vita katika vijiji vya Djugu, manjanja, yale mabati ya paa, ya nyumba zilizoungua yalianza kuuzwa sokoni, moto umeyakunjakunja, hakuna aliyeyataka, yeye akayanunua, akayapiga misumari, akasimamisha uani sanamu moja kubwa kupita nyumba, isiyo na jina. Na tuseme wazi, wakati huo paa lake mwenyewe lilikuwa linavuja, mama Annette anatega mabeseni na kugomba, naye anajibu, kesho. Wageni toka Kinshasa wakaja kuipiga picha, ikatoka katika magazeti, ndipo siye jamaa tukaanza kujisifu.

Halafu, mwezi wa pili 2022, mukimbizi mumoja wa Fataki, kulekule Djugu, mama Gertrude, aliingia uani kuuza sombe, majani ya muhogo, akasimama mbele ya ile sanamu, hakuuliza iko nini, akagusa manjanja moja yenye kiraka cha lami, ambacho marehemu bwana yake alipaka kwa mukono wake, akasema, hii iko nyumba yangu. Yaya akaleta nyundo, akaing'oa, akamubebea mpaka kambini kwa wakimbizi, na tundu lililobakia hakulifunga kamwe.

Ugonjwa wa sukari ulimushika mwaka wa 2023, akaingia hospitali tarehe 2 mwezi wa sita 2025, na kule akatuambia wote kwamba tukishamuzika tuibomoe sanamu, kila atakayetambua paa lake alichukue, akafariki tarehe 11. Jamaa ikagawanyika. Prudent, ambaye ndiye alijifunza kazi ya baba yake, alikataa kwa machozi, maana akaona sanamu ikibomolewa baba yake atakuwa amekufa mara mbili. Mama Annette tulizania atayataka manjanja kwa paa lake, ee, alitugombeza kweli, akasema si yetu.

Jana mama Gertrude alikuja kwenye kilio na manjanja yake juu ya kichwa, anataka tuirudishe mahali pake, ili muzee azikwe kazi yake ikiwa kamili. Prudent aliangalia kile kiraka muda murefu, kisha akaibeba, akamurudishia mpaka kambini chini ya mvua, akarudi ameloa kabisa, akaanza kutafuta nyundo ya baba yake.

Basi, tukishatoka makaburini, ninyi wa Fataki na wa Djugu yote mupite uani, musiulize iko nini, mutafute tu manjanja yenu.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotupikia, walimu wenzake waliobeba sanduku, na baba padri.

Yaya Ambroise, ulale kwa amani ya Bwana, nyundo iko kwa Prudent.