Orodha ya Ronge

Benchi letu liko nyuma ya maghala ya zamani ya reli, hapa Voi, mahali ukuta unapokinga jua mpaka saa tano. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mataruma mawili ya chuma. Twalib huweka birika lake la kahawa chungu mwisho wa ubao, mimi hukaa upande wa pili na viatu vyangu vya kushona, na hapo katikati ni pa wenye maneno. Ngui tunamwita Betri, kwa sababu anatengeneza simu na hachoki kuongea. Mzee Ambrose ni Hansard. Alikuwa karani wa chifu miaka thelathini na bado anaongea kama mtu anayeandikwa. Mimi ni Sylus, lakini hapa jina langu ni Gundi. Jumanne ninayoisimulia hakuna aliyekuja kucheka. Jumamosi tulikuwa tumemzika Danson wa Ronge, aliyekuwa akiketi nasi kila Jumanne akishamaliza kuuza ndizi zake sokoni. Ndovu alimkuta saa kumi na mbili asubuhi akifungulia maji ya mifereji, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

— Meseji haikufika, — akasema Betri. — Hiyo ndiyo maneno. Meseji haikufika.

Meseji aliyoitaja ni ile ya kundi la tahadhari. Skauti wa wanyamapori wakiona ndovu wametoka mbugani, wanampigia Vincent, kijana wa ofisi ya kundi. Vincent anaandika habari kwenye kompyuta, na programu inaituma kwa simu za wakulima, kila kijiji na orodha yake.

— Ilifika kwingine, — nikasema. — Mimi niko kwenye orodha ya Sagalla, kwetu. Saa kumi na moja na dakika ishirini simu ililia: ndovu wanane wanaelekea Ronge.

— Hata mimi nilipata, Mwatate, — akasema Betri. — Sasa wewe niambie. Sagalla wanapata, Mwatate wanapata, na Ronge kwenyewe, ndovu wanakoenda, kimya. Buda, hiyo ni mlingoti wa simu. Ule mlima unakata mawimbi.

Hansard akaweka kikombe chini.

— Mheshimiwa, Danson alikuwa akinipigia simu kutoka Ronge kila Jumapili. Mlima ulikuwa haukati?

— Unakata alfajiri. Ukungu ukishuka.

— Ukungu unachagua meseji na kuacha simu?

— Basi ni ndovu wenyewe! Wanasikia kwa miguu, hao. Mlingoti unavuma, wanausikia kutoka mbali, wanakwenda kusimama mahali hakuna mtandao. Wamejifunza. Wanajua penye simu watu watatoka wakipiga mabati kuwafukuza.

Siku nyingine tungemrushia maganda. Siku hiyo Twalib alimmiminia kahawa tu.

— Mimi nitasema kilichoandikwa, — akasema Hansard. — Mwezi wa tano, kwenye baraza, Danson alisimama mbele ya watu akamkatalia Vincent njia ya ule uzio wa umeme wa kuzuia ndovu. Alimwambia, wewe unachora uzio ukiwa umekaa kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Mwezi wa saba Ronge haipati meseji. Nani mwenye mkono kwenye orodha? Ni mtu mmoja.

— Na si ati ni yeye pekee, — Betri akadakia. — Ametumwa. Kuna watu wanataka lile shamba la Danson liwe kambi ya watalii. Wanaondoa Ronge polepole. Leo meseji, kesho maji, kesho kutwa utasikia hata kwenye ramani haiko.

— Mwogopeni Mungu, — akasema Twalib. — Huyo kijana ana mke na watoto, na nyinyi hamkuwako.

Nami sikunyamaza. Nilisema kwamba Vincent hakuonekana mazishini. Nilisema nikiwa na sindano mkononi, bila kuinua macho, na neno hilo nilikuwa nimeshawaambia wateja wanne tangu Jumamosi.

Tulikuwa bado hapo pikipiki ilipozimwa kando ya ukuta. Alishuka Vincent, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake alikuwa Mkamburi wa Wundanyi, yule msichana aliyeiandika programu yenyewe, amekumbatia begi kifuani. Hakuna aliyesogea kuwapisha. Vincent hakutafuta mahali pa kuketi.

— Nimesikia kila mnalosema, — akasema. — Ijumaa binti yangu aliambiwa shuleni kwamba baba yake aliuza mtu kwa ndovu. Ndiyo sababu sikuja mazishini. Nilifika mpaka kona ya kanisa nikarudi.

— Tunakusikiliza, — akasema Hansard, kwa sauti ya baraza.

— Siku nne sijalala vizuri. Nikajiuliza, ni Ronge peke yake? Nikachukua pikipiki. Nilienda Tausa, nyumba kwa nyumba: mara ya mwisho mlipata meseji lini? Mwezi wa nne. Nikaenda Ngolia. Mwezi wa nne. Nikaenda Maktau, wanapata mpaka leo. Kasigau, wanapata. Kila jina nililiandika. Sasa, mzee, na watu wa Tausa niligombana nao lini? Wa Ngolia hata siwajui.

Betri alisogea kidogo, na Mkamburi akaketi kwenye ile nafasi.

— Kosa ni langu, — akasema. — Wacheni niwaeleze, halafu mniulize.

Alitoa daftari, akaandika neno moja: ronge. Kushoto kwake akaandika jingine: orodha. Kati ya hayo mawili akachora kimstari kilichoegemea mbele.

— Hii ni njia ya faili. Unaiambia kompyuta: ingia kwenye folda ya orodha, mle ndani chukua Ronge. Huu mstari unaitwa mkwaju. Kwenye laptopu yangu ya zamani mkwaju unaegemea hivi. Kompyuta ya ofisi ni ya aina nyingine. Kwao unaegemea nyuma.

— Mstari tu? — akauliza Betri.

— Mstari tu. Na mimi nilijua. Sasa, programu haitoki mikononi mwangu ikaanza kazi moja kwa moja. Kuna kifaa cha kuiunda, kinachokusanya vipande vyote na kuviunganisha. Kikifika kwenye kompyuta kinauliza: hapa kwenu njia mnaziandikaje? Kisha kinaandika kama wenyeji. Miaka miwili nilikitumia kwenye laptopu yangu, hakuna shida. Mwezi wa nne laptopu ikafa, nikaenda kuunda programu kwenye kompyuta ya ofisi. Kifaa kikauliza, kikajibiwa, kikaandika mkwaju wa nyuma.

— Basi kimefanya sawa, — nikasema.

— Kimefanya sawa, Gundi. Lakini zile njia kinaziandika kwenye karatasi ya maagizo, na karatasi hiyo inasomwa na programu yangu. Na programu ikisoma, mkwaju wa nyuma una kazi nyingine kabisa. Unaiambia: herufi inayofuata si herufi, ni amri. Mkwaju na n ni amri ya kuanza mstari mpya. Mkwaju na t ni kuruka nafasi. Mkwaju na r ni kurudi mwanzo wa mstari.

Akaandika tena: orodha, mkwaju wa nyuma, ronge. Akaifuta r kwa kidole mpaka karatasi ikachafuka.

— Programu ikatafuta kijiji kinaitwa Onge. Hakuna. Tausa ikawa Ausa. Ngolia ikawa Golia. Lakini mkwaju na m hauna maana yoyote, kwa hivyo programu ikauacha ulivyo. Mwatate ikapona. Sagalla ikapona, Kasigau, Wusi. Vincent aliponiwekea majina yake mezani jana, nikayaangalia herufi za mwanzo. Ni r, t na n.

Betri alikuwa ameshika kichwa.

— Lakini mashine si inalia ikikosa kitu? Hata simu ndogo ya tochi, mulika mwizi, inalia.

Hapo ndipo sauti ya Mkamburi ilipopungua.

— Nilikuwa nimeiambia isilie. Mwaka wa kwanza, orodha moja ikiharibika, programu nzima ilikuwa inasimama, na hakuna kijiji kilichopata. Nikaandika: ukikosa orodha, pita, endelea na nyingine. Ikapita. Kila siku iliandika kwenye kioo, imetumwa. Vincent alisoma imetumwa, akafunga. Miezi mitatu.

Gari la mizigo lilipita barabarani. Twalib alikuwa anasugua kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Hansard alisimama. Ana goti bovu, na kusimama kwake ni shughuli.

— Vincent mwanangu. Nilikuhukumu hapa, mbele ya hawa, kama mtu aliyeona. Sikuona chochote. Nimekukosea wewe na mkeo na binti yako. Kesho nitakwenda pale shuleni mwenyewe, nitamwomba mwalimu aniache niseme mbele ya watoto.

— Asante, mzee, — akasema Vincent. — Lakini sikuja kwa hilo. Nilimwomba Mama Shanice akutane nasi hapa. Amekwenda ofisi ya serikali kuchukua karatasi za kifo. Nilitaka asikie kutoka kwetu kabla hajasikia njiani.

Mama Shanice ni Eddah, mjane wa Danson. Tulimwona akitokea upande wa stendi na bahasha ya kaki, leso nyeusi kichwani. Wote tulisimama, hata Betri, na safari hii benchi zima lilikuwa wazi. Aliketi mwisho, karibu na birika. Twalib alimpa kikombe kwa mikono miwili.

Mkamburi alianza upya. Alieleza yote, mkwaju na herufi, polepole, na alipofika kwenye lile neno pita hakulipunguza. Alisema ni yeye aliyeandika. Alisema sasa amebadilisha: kwenye karatasi ya maagizo njia zote zinaandikwa kwa namna moja tu, ya mkwaju wa mbele, na zinageuzwa kuwa za kienyeji dakika ile tu ya kufungua faili. Orodha ikikosekana, kompyuta inapiga kelele mpaka mtu aje. Asubuhi hiyo walikuwa wamejaribu Ronge, Tausa na Ngolia. Simu zote zilikuwa zimelia.

— Hata ya Baba Shanice ililia, — akasema Eddah. — Nikiwa kwenye foleni. Iko hapa kwa mkoba.

Mkamburi alifunika uso. Eddah akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo muda mrefu, na macho yake yalikuwa kwetu.

— Sijasoma mambo ya kompyuta, — akasema. — Lakini nimeelewa. Ronge haikupata. Na nyinyi mko orodha gani?

— Mimi Sagalla, Mama Shanice, — nikasema.

— Ulipata?

— Nilipata.

— Ilisema nini?

Nilimwambia. Ndovu wanane wanaelekea Ronge. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Betri akasema, kabla hajaulizwa, kwamba naye alipata, maneno ni hayo hayo.

— Mume wangu alitoka nje saa kumi na mbili kasoro kidogo, — akasema Eddah. — Alikuwa amekaa kitandani na simu mkononi, anasikiliza redio yake ya asubuhi.

Alikunywa kahawa kidogo, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu, kama mtu aliye kwenye nyumba ya wenyewe.

— Kwani hamkuwa na namba yake?

Nilikuwa nayo. Betri alikuwa nayo. Ni yeye aliyeisajili ile laini. Asubuhi ile niliisoma meseji nikiwa chini ya blanketi. Nikasema moyoni, Ronge wameshaambiwa, nikageukia ukutani. Nilitafuta jinsi ya kulisema hilo likasikika kama jibu. Betri alikuwa anatazama viatu vya watu upande wangu wa ubao. Vincent na Mkamburi nao swali liliwagusa, maana skauti alimpigia Vincent tu, na Vincent aliiambia mashine tu.

Eddah alingoja. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alipoona hakuna neno linalokuja, alifungua mkoba akatoa simu yake mwenyewe, ndogo, ya vitufe.

— Mimi bado niko pale pale, na watoto watatu, — akasema. — Andikeni yangu.

Akaisoma tarakimu moja moja. Kisha akaisoma tena, kwa ajili yetu sisi tuliokuwa bado tunaandika.