Ombi Moja, Sentensi Moja

Wapendwa, hamjambo? Naona mmeanza kucheka kabla sijasema kitu. Mama mwenyekiti ameniomba ushuhuda mfupi, na mnanijua. Leo mtashangaa.

Kwa wageni wetu: mimi ndiye yule ambaye akitumiwa ujumbe wa "tuongee kesho", halali. Nikifunga mlango, narudi kuangalia kama nimeufunga, halafu najiuliza kama huko kurudi hakukuufungua. Nilimaliza chuo na tabia hiyo, nikaingia kazini nayo.

Kampuni yetu inaunda vitanda vya hospitali. Ofisi iko mjini, karakana iko huku kwetu, upande wa Dagoretti. Wahandisi wakibadilisha kitu kwenye mchoro, labda pini iwe nene zaidi, wanatoa agizo la mabadiliko. Fundi naye alikuwa akilitafuta agizo hilo kwenye barua pepe, kwenye faili, kwenye picha za simu, na mara nyingine akaunda kwa mchoro wa zamani. Nikaajiriwa kwa majaribio nitengeneze programu: fundi aandike namba ya kifaa, aletewe agizo lake. Mafundi wakiikubali, napata kazi ya kudumu. Wakiikataa, narudi nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilitengeneza programu iliyofanana na mimi. Niliogopa mtu asije akakosa maelezo, lawama zikaniangukia. Ukiuliza kuhusu pini, ilikuletea historia ya pini: nani aliomba ibadilishwe, nani alipinga, nani aliidhinisha, michoro yote ya zamani, na maonyo mekundu juu na chini. Halafu inakuuliza, "Una uhakika hiki ndicho kifaa unachotafuta?" Ukijibu ndiyo, inakuuliza tena.

Mafundi waliijaribu siku chache, kisha wakawa wananipigia simu.

"Sasa dada, hii pini ya kizuizi cha pembeni mwa kitanda ni ile mpya ama ya zamani?"

"Umeangalia kwa programu?"

"Nimeangalia. Imenihubiria mpaka nikasahau swali."

Nilipokwenda karakana, msimamizi wao, mzee wa maneno mengi, alinipokea mbele ya wote: "Hii kitu yako inaniuliza maswali kuliko mama mkwe! Mimi nilishaoa, dada. Niambie tu pini."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia. Bosi akaniambia kwa upole kwamba Ijumaa angekuja kuwaona mafundi wakiitumia wenyewe, nami nisiseme neno. Upole ule ndio ulionitisha. Asubuhi iliyofuata nilishuka kwenye basi pale Adams Arcade, kabla ya kufika kazini, nikakaa nje ya duka moja nikiandika ujumbe wa kuacha kazi. Sikuutuma, wala si kwa ujasiri. Nilishindwa kuamua nianze na salamu gani.

Jioni nikaja hapa kwenye ushirika wetu. Mnakumbuka zamu ya maombi ilipofika kwangu. Nilianza na bosi, nikaingia kwa mafundi, nikarudi mpaka mtihani wa darasa la nane. Mama mwenyekiti akanikatiza, kama anavyotukatiza sote tangu ile siku chai ilipopoa tukisubiri maombi yaishe.

"Mwanangu, ombi moja, sentensi moja. Hayo mengine Mungu anayo."

"Lakini mama, bila maelezo hamtaelewa."

"Tunataka kujua tukuombee nini. Maelezo tutakuuliza ukiosha vikombe."

 Mtu wa huko nyuma akasema, "Leo amezimwa!" Nilikusikia, ndugu. Lakini sikuwa nimekasirika. Nilikuwa namwona yule mzee wa karakana, grisi mikononi, amekodolea skrini macho. Yeye pia hakuhitaji historia. Alitaka kujua achukue pini gani.

Nikasema, "Naomba Ijumaa mafundi wasinipigie simu." Mkaitikia amina, mkaendelea na mwingine.

Nilirudi kazini nikawaomba wahandisi kila agizo waliandikie sentensi moja: fundi afanye nini. Nikaiweka juu kabisa, kwa herufi kubwa. Maelezo mengine sikuyafuta. Yako chini, anayeyataka ayafungue. Yale maswali ya "una uhakika" niliyatoa yote, na lile la mwisho nilirudi mara mbili kuangalia kama limetoka.

Ijumaa bosi akasimama kando. Mzee akaandika namba. Skrini ikamwambia: "Tumia pini ya milimita kumi na mbili, usitumie ya kumi." Akairudisha aliyoishika, akachukua nyingine, akaendelea na kazi. Mimi nimeishika simu yangu kwa mikono miwili, nikingoja ilie. Haikulia.

Kisha mzee akageuka, akabonyeza pale chini. "Na ni nani alibadilisha hii?" Akasoma. "Ah, ni yule! Nilijua tu."

Wiki iliyofuata nilisaini mkataba wa kudumu.

Mama mwenyekiti, asante kwa kunikatiza. Nanyi nyote, asanteni kwa kuniombea bila kujua pini ni nini. Nilichojifunza ni kwamba hofu yangu nilikuwa nikiiita uangalifu, na nilikuwa nikiwabebesha watu waliokuja kwangu na swali dogo tu. Kijana mwenzangu unayewaza sana, maelezo yako si mabaya. Lakini mpe mtu jibu lake kwanza.

Ombi langu la leo: nikifunga mlango, niamini nimeufunga. Maelezo mtaniuliza nikiosha vikombe.